Dramu au diski nyuma ya Civic: hesabu kwanza, spana baadaye

Seti kamili ya breki za nyuma za Honda Integra, yaani amu mbili (mikono inayobeba magurudumu), diski, kalipa (kifaa kinachobana diski kwa pedi) na waya za hendibreki, ikionekana kwenye duka la spea za mtumba Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, mwenye Civic ya 1992 hadi 2000 yenye breki za dramu nyuma huanza kupiga hesabu. Anajua zinaingia. Civic za EG na EK, yaani za miaka hiyo, zina amu za nyuma za muundo mmoja na Integra ya kizazi hicho, na kazi yenyewe inafanyika uani kwa jeki, stendi nzuri na siku mbili za kutulia. Swali ni kama gari litasimama vizuri zaidi baada ya hapo, na hapa ndipo mafundi wanapogawanyika. Wapo wanaosema dramu imepitwa na wakati, itoke. Wapo wanaosema breki ya kiwandani haiguswi. Kila upande umeshika kipande cha ukweli.

Tuanze na uzito. Gari likipigwa breki, uzito unahamia mbele na nyuma inakuwa nyepesi. Kwenye gari dogo linalovuta kwa mbele, sehemu kubwa ya kazi ya kusimama, mara nyingi asilimia 70 au zaidi, inafanywa na magurudumu ya mbele. Na mwisho wa breki yoyote ni mshiko wa tairi barabarani. Kama breki zako za mbele zinaweza kufunga tairi kwenye lami kavu, au ABS (mfumo unaozuia tairi kufunga) inaanza kutikisa pedeli, nguvu ya breki imeshatosha. Kilichobaki kiko kwenye tairi. Nafasi ya kuboresha nyuma ipo, ila ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mwenye matairi yaliyokakamaa na pedi za mbele za bei ya chini, akitumia fedha yake nyuma, ameanza na mwisho.

Je, diski inashika kwa nguvu zaidi kuliko dramu? Tuchukue mfano wa hesabu, presha ya mafuta ya breki ikiwa bari 30. Ndani ya dramu kuna wili silinda, silinda ndogo inayozisukuma breki shuu (vipande vyenye ngozi ya msuguano) zikandamize dramu. Ya milimita 17.5 ina eneo la milimita za mraba 240, kwa hiyo kila pistoni inasukuma kwa nyutoni 720 hivi. Breki shuu ya mbele hujivuta yenyewe ikiguswa na dramu inayozunguka, na kwa pamoja breki shuu mbili zinatoa msuguano wa kama mara 2.2 ya msukumo huo, karibu nyutoni 1,580. Kwenye dramu ya milimita 200, hiyo ni nguvu ya kuzuia mzunguko ya nyutonimita 158. Sasa njoo kwenye diski ya milimita 239 yenye kalipa ya pistoni moja ya milimita 30: eneo ni 707, msukumo nyutoni 2,120, pedi mbili zenye msuguano wa 0.38 zinatoa nyutoni 1,610, na kwa nusu kipenyo cha kazi cha milimita 100 unapata nyutonimita 161.

Ni sawa kwa sawa. Anayekuambia diski ya nyuma "ina nguvu mara mbili" hajapiga hesabu.

Tofauti iko kwenye uthabiti. Msuguano wa pedi ukishuka kwa joto kutoka 0.38 hadi 0.30, diski inapoteza asilimia 21. Dramu inapoteza zaidi ya hapo, kwa sababu kule kujivuta kwake kunategemea msuguano huohuo. Halafu dramu ikipata moto inatanuka na kuzikimbia breki shuu, pedeli inashuka chini, ilhali diski ikipata moto inanenepa kuelekea kwenye pedi. Anayeshuka Kitonga kuelekea Morogoro, au ule mteremko mrefu wa Salgaa, gari likiwa na abiria watano na buti limejaa, atauhisi utofauti huu mguuni, hasa kama hana mazoea ya kushuka kwa gia ndogo. Maji nayo vivyo hivyo: diski inajifuta kwa mizunguko michache, wakati dramu iliyoingiwa na maji kwenye dimbwi inabaki laini mpaka ikauke, na mara nyingine upande mmoja hukauka kabla ya mwingine, gari likavuta pembeni. Hizi ni hoja nzito za upande wa diski, na ukaguzi uongezwe hapo: unene wa pedi unauona kwa kuvua tairi tu.

Lakini dramu haikubaki kwenye magari kwa uzembe wa watengenezaji. HiAce zinazobeba watu mchana kutwa zinatembea na dramu nyuma. Volkswagen ID.3, gari la umeme la juzijuzi, lina dramu nyuma, kwa sababu mota inafanya kazi kubwa ya kupunguza mwendo na diski isiyotumika hushika kutu. Dramu inakinga breki shuu na tope la barabara ya vumbi, ambalo kwenye diski linasaga pedi kama msasa. Na hendibreki yake ni nyepesi: waya unavuta wenzo, breki shuu zinatanuka, gari linatulia mlimani. Hendibreki ya diski inahitaji urekebishaji makini, la sivyo gari linarudi nyuma.

Tena dramu nyingi zinazolaumiwa ni mbovu tu. Pedeli ya chini inayopanda ukiipampu mara mbili, kwenye gari la umri huu, mara nyingi ni ajasta (kirekebisho cha nafasi ya breki shuu) iliyoganda kwa kutu na vumbi, hivyo breki shuu zinabaki mbali na dramu. Kabla ya kununua chochote, fungua. Lowesha vumbi kwa maji au dawa ya kusafishia breki, usilipulize kwa kompresa, maana breki shuu za zamani zinaweza kuwa na asibesto. Funua mpira wa vumbi wa wili silinda: ukikuta majimaji, badilisha. Soma kipenyo cha mwisho kilichochapwa kwenye dramu, kwa kawaida milimita moja juu ya kipimo cha awali. Breki shuu iliyobaki na milimita 2 za ngozi imemaliza kazi. Weka springi mpya, safisha nyuzi za ajasta, paka grisi ya breki kidogo kwenye sehemu sita ambapo breki shuu zinasugua bati la nyuma, kisha rekebisha mpaka dramu iingie kwa kusugua kidogo. Wengi wakimaliza hapo hamu ya diski inaisha, na gari linasimama.

Kwa anayeendelea, mwenye injini iliyoongezwa nguvu, anayeishi milimani, au ambaye dramu zake zimefika kipimo cha mwisho na seti ya Integra iko kamili mbele yake, shauri letu ni moja: chukua mfumo mzima kutoka gari moja. Amu zote mbili na habu zake (vitovu vya magurudumu), kalipa na mabano yake, hosi, waya zote mbili za hendibreki, na valvu ya kugawa presha kati ya breki za mbele na za nyuma. Valvu hii ndiyo inayosahaulika. Kwenye Honda zisizo na ABS zenye diski nyuma, inayotafutwa ni ile iliyochapwa 4040. Ya gari la dramu ina namba nyingine na inabana presha ya nyuma kwa namna tofauti. Ukiiacha ya dramu, mara nyingi diski mpya zinafanya kazi chini ya uwezo wake na umelipia muonekano. Ukiitoa kabisa uunge paipu moja kwa moja, ni hatari: tairi za nyuma zikifunga kabla ya za mbele, gari linageuka kichwa kuwa mkia. Na kama gari lako lina ABS lakini la spea halina, au kinyume chake, simama. Usichanganye.

Angalia pia matundu ya nati za tairi. Integra za kawaida ni nati nne kwenye duara la milimita 100 kama Civic, ila Type R ya Japani ya kuanzia 1998 ni tano kwa 114.3. Rimu za inchi 13 zinaweza kugusa kalipa. Zijaribu kwa mkono kabla ya kulipa. Masta silinda (silinda kuu inayosukumwa na pedeli) ya Integra ina tundu kubwa zaidi: ukiifunga, pedeli inakuwa fupi na ngumu, na mguu lazima usukume zaidi kupata presha ileile. Jaribu kwanza na ya zamani ikiwa nzima. Safari ya pedeli ikikusumbua ndipo ubadilishe.

Kwenye kazi yenyewe, nati za paipu ni za 10 na ni laini. Tumia spana maalumu ya paipu, ile yenye mdomo unaokumbatia pande tano. Spana ya kawaida itazilainisha kona na utaishia kukata paipu. Bolti ya kurekebisha mwelekeo wa tairi, piga alama ya rangi kabla ya kuilegeza, kisha ukimaliza peleka gari kwenye alaimenti. Bolti za bushi kubwa ya amu usizikaze gari likiwa hewani. Kaza magurudumu yakiwa yamebeba uzito, vinginevyo mpira wa bushi unabaki umejikunja na unapasuka baada ya muda mfupi. Bolti ya hosi kwenye kalipa inataka washa mpya za shaba pande zote mbili na nyutonimita 34 hivi.

Tukae kidogo kwenye kalipa, maana ndipo kazi nyingi za nyumbani zinapoharibika. Pistoni ya nyuma ya Honda haisukumwi kwa kilempu (kibanio). Ina mitaro ya msalaba usoni na inarudi ndani kwa kuzungushwa kufuata saa. Ukiibana kwa nguvu unavunja mfumo wa hendibreki ulio ndani. Ikisharudi, geuza mpaka mtaro mmoja ulingane na kichunusi kilicho nyuma ya pedi. Kichunusi kikikaa juu ya ukingo badala ya ndani ya mtaro, pedi inasimama mshazari, inalika upande mmoja, na pedeli inakuwa kama sponji hata upepo ukiwa umetoka wote. Na kalipa ya kushoto ikifungwa kulia, nipo ya kutolea upepo inakuwa chini. Utatumia lita mbili za mafuta ya breki bila mafanikio, kwa sababu hewa imekaa juu ya tundu.

Kutoa upepo, fuata mpangilio wa kitabu cha gari hilo, na weka kipande cha mbao chini ya pedeli. Masta silinda ya zamani ina kutu sehemu ambayo mipira haifiki siku zote. Ukikanyaga pedeli hadi sakafuni, kutu hiyo inaikata mipira. Hendibreki iwe ya mwisho: pampu pedeli mara kadhaa kwanza ili kalipa zijirekebishe, hakikisha wenzo wa kalipa unagusa kizuizi chake hendibreki ikiwa chini, ndipo ukaze waya mpaka ishike vizuri kati ya mlio wa 6 na wa 10 ukiivuta. Anayekaza waya ili kufidia kalipa ambayo haijajirekebisha anaacha pedi zinasugua njia nzima.

Wenye Subaru Impreza ya zamani ya 1.5 yenye dramu wasidhani ni kazi ileile. Kule bati la nyuma limebanwa nyuma ya habu, na habu imepigwa kwa presi ndani ya beringi. Ukiitoa kwa nyundo, beringi umeiua. Njia ya busara ni kubadilisha nako (kipande kinachobeba habu) nzima kutoka gari la diski. Hendibreki yake ni breki shuu ndogo ndani ya tumbo la diski, na waya zake si zile za dramu. Kazi ni kubwa, na faida kwa injini ya 1.5 ni ndogo.

Mabano ya kukata kwa grenda na kuchomelea tunayapinga bila kusita. Bano la kalipa linabeba nguvu yote ya kusimamisha gurudumu, kila siku, na kosa la milimita moja la ulinganifu linatosha kuzifanya pedi zilike mshazari.

Ukimaliza, zilaze pedi kwa breki kama kumi za wastani kutoka kilomita 60 hadi 20 kwa saa, ukiacha nafasi zipoe. Kisha tafuta barabara tupu ya changarawe, mwenzako asimame pembeni mbali na njia, uje kwa kilomita 40 na ukanyage kwa nguvu. Yeye anatazama tairi gani linafunga kwanza. Yakiwa ya nyuma, gari halirudi barabarani mpaka valvu ishughulikiwe. Yakiwa ya mbele, endesha kilomita tano ukigusa breki kidogo tu, simama, na usogeze kiganja karibu na kila rimu ya nyuma bila kuigusa. Upande unaopiga joto kuliko mwenzake una kalipa isiyoachia au waya uliokazwa kupita kiasi, na unafunguliwa leo hii, kabla pedi hazijaungua.