Taka zimesahaulika kwenye hiyo mikopo

Mwandishi umeandika madiwani wamekaa wamejadili mikopo ya asilimia 10, ile halmashauri inayokopesha vikundi, na habari ikaishia hapo, sawa, mikopo ni jambo zuri, ilisimama 2023 ikarudi 2024 na sheria inajulikana, asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, hata riba haina. Ila jamani hiyo asilimia inatoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, sasa mapato yakilegea hao akina mama watakopeshwa nini? Huku Mtwara kila mtu anajua pesa inachangamka msimu wa korosho, mnada ukianza Oktoba hata bodaboda ananenepa 😂 ukiisha kimyaaa.

Mimi hoja yangu ni taka. Mtaani kwetu mzabuni wa kuzoa taka anapita na kitabu cha risiti kila mwezi hakosi, gari ndo halionekani, mifuko inakaa mpaka mbuzi wanaichana, mvua za Desemba zikija zote zinaingia mtaroni maji yanarudi uani kwa watu. Ukimuuliza anakwambia barabara mbovu gari haliingii, sasa ukusanyaji wa hela unaingiaje??

Kwanini hiyo kazi wasipewe vijana wa mtaa huohuo, wajiunge kikundi wakopeshwe guta mbili tatu, zile za matairi matatu za kubebea mizigo, zinapita hata vichochoro vya Magomeni ya hapa Mtwara. Mkopo unarudi kutokana na ada ya taka yenyewe. Diwani wetu kama unasoma hapa lipeleke hilo kikao kijacho, na mkutano wa mtaa tuitisheni basi tusomewe mapato na matumizi.