Mchungaji, na mkandarasi naye aulizwe

Shehe akiomba dua kwenye uzinduzi wa daraja, au askofu akimwombea mgombea mbele ya kamera, hakuna anayelalamika kwamba dini imechanganywa na siasa. Lawama hiyo ina siku zake. Agosti 2023, maaskofu Katoliki walipotoa tamko kuupinga mkataba wa bandari na DP World, ndipo tulipokumbushwa kwamba madhabahu si jukwaa. Askofu Gwajima alikuwa mbunge wa Kawe tangu 2020, akihubiri na kukaa bungeni, na kanisa lake likiwa wazi. Juni 2025, baada ya kukemea utekaji, usajili wa kanisa lake ukafutwa.

Kwa hiyo sibishani kama mtumishi wa Mungu aingie kwenye siasa. Yumo tayari. Nauliza anaingilia mlango gani.

Ubunge siupendi kwa viongozi wa dini. Kanisa Katoliki huwakataza mapadre wake kushika madaraka ya serikali, na hapo naliunga mkono, ingawa mimi ni Mlutheri. Mwenye kadi ana kikao cha chama, na kikao kina msimamo wake. Atakemea nusu nusu.

Mlango ninaoutaka uko barabarani. Pita Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, alfajiri, kuanzia Magomeni kwenda Ubungo. Utawaona kina mama wa fagio, kanga zimefungwa puani, vizibao vimepauka, daladala na bodaboda zikiwapita karibu kuwagusa. Jumapili mama huyo yuko kwaya, na bahasha yake ya ahadi ina namba. Mzee wa kanisa anajua anadaiwa kiasi gani cha ujenzi. Sasa muulize mzee huyo kama mama ana mkataba wa maandishi na mkandarasi aliyemwajiri, au kama michango yake ya NSSF inapelekwa. Atakukodolea macho. Mama akigongwa tutachanga rambirambi, na kwaya itaimba vizuri sana.

Mchungaji Martin Luther King Jr. tunamkumbuka kwa hotuba yake ya Washington ya 1963, tunasahau alifia wapi na kwa nini alikuwa huko. Februari 1968, mjini Memphis, wazoa taka wawili waliokuwa wakijikinga mvua ndani ya gari la taka walisagwa na mtambo wake. Wenzao zaidi ya 1,000 wakagoma. Makanisa yakawapa ukumbi wa mikutano, sadaka zikalisha familia zao, na King akaenda kuandamana nao. Aliuawa huko tarehe 4 Aprili. Siku 12 baadaye jiji likakubali kukitambua chama chao na kuwaongezea ujira. Sijui siasa gani inashinda hiyo kwa uchungaji.

Sisemi tugome kesho. Nasema mchungaji avae kola yake, afuatane na kina mama hao hadi ofisi ya mkandarasi, na wakizungushwa waende manispaa iliyotoa zabuni, waombe kuuona mkataba. Imamu wa msikiti wa jirani awe pamoja nao, maana kwenye fagio wapo kina Asha na kina Neema. Majibu watakayopewa yasomwe Jumapili kwenye matangazo. Matangazo yetu huchukua nusu saa, tena mengi ni ya michango. Dakika tano za mkandarasi hazitakosekana.