Nzi wa Matunda na Breki ya Seli

Wanaopinga fedha za utafiti kumwagwa kwa nzi wa matunda wana hoja nzito. Siku hizi maabara huotesha seli za binadamu zenyewe, sasa ya nini kumzungukia mdudu? Tena namba wanazo. Mwanzoni mwa uhai wa nzi, viini vya seli hugawanyika kila baada ya dakika 8 au 9, vyote kwa pamoja, ndani ya yai lisilo na kuta za kuvitenganisha. Yai la binadamu lililorutubishwa huchukua takriban siku nzima kugawanyika mara moja tu.

Tofauti hiyo ni ya kweli, ila wengi huisoma nusu. Mbio zile hukoma. Baada ya migawanyiko 13, viini vikiwa kama 6,000, kila kimoja huzungushiwa utando wake, na mgawanyiko wa 14 haufanyiki mpaka kiinitete chenyewe kiwashe jeni iitwayo string. Kila eneo huiwasha kwa zamu yake.

Zamu hiyo ina maana kubwa. Yapata saa tatu baada ya yai kutagwa, seli za upande wa tumboni huanza kujibana kwa nje, kama mdomo wa mfuko unaovutwa kamba, na ndani ya robo saa hivi ukanda mzima unakunjika na kuzama ndani. Humo ndimo itakamotoka misuli. Lakini seli inayogawanyika hujiviringa kama mpira na kuliachia bano lake. Haiwezi kufanya kazi zote mbili kwa wakati mmoja.

Cha ajabu, seli hizo zimekwisha kuwasha string. Kinachozizuia ni jeni nyingine, tribbles, inayofanya protini ya string ivunjwevunjwe. Mwaka 2000 timu tatu zilionyesha kwamba tribbles ikikosekana, seli hugawanyika mapema na mkunjo unavurugika. Kiinitete kisicho na string kabisa, kwa upande wake, hukwama kabla ya mgawanyiko wa 14, na bado hukunjika. Hapo ndipo huwa nasimama kila mara: umbo linaweza kuusubiri mgawanyiko, ila mgawanyiko usio na saa yake hulivuruga umbo. Katika sahani ya seli zilizotandazwa hakuna mkunjo wa kuvurugika, na kiinitete cha binadamu, katika nchi nyingi, hakiruhusiwi kukuzwa maabara kupita siku 14, kabla seli zake hazijaanza safari kama hiyo.

Wapinzani watauliza: haya yanamhusu nini mgonjwa? Binadamu ana jeni tatu za ukoo wa tribbles. Mwaka 2006 ilionekana kwamba mojawapo, TRIB2, ikizidishwa katika seli za damu za panya, huleta saratani ya damu. Nakubali kwamba huko haivunji string. Huvunja protini nyingine, C/EBP, inayozikomaza seli za damu. Na dawa ya ugonjwa huo itajaribiwa kwenye seli za binadamu, wala si kwa nzi. Hapo wapinzani wako sahihi kabisa. Ila nzi naye ana C/EBP yake. Katika ovari, kikundi kidogo cha seli huitegemea ili kisafiri hadi kwenye yai, na kwamba tribbles huivunja hata huko, watafiti wa nzi walikuwa wamelichapisha tangu 2000.