Pampu za visima kama akiba ya gridi Arusha na Moshi: inafaa wapi, inakwama wapi

Hoja yenyewe ni rahisi kuieleza. Wateja wa umeme waungane kwenye kundi, wakubali baadhi ya mashine zao zizimwe kwa dakika chache gridi inapoyumba, na walipwe kwa utayari huo kama anavyolipwa mwenye mtambo wa kuzalisha. Marekani ilishamaliza mabishano ya kisheria. Januari 2016 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba msimamizi wa nishati wa taifa, FERC, ana mamlaka ya kupanga malipo ya anayepunguza matumizi katika masoko ya jumla, na mwaka 2020 agizo namba 2222 la FERC likayafungulia masoko hayo makundi madogo, hata ya kilowati 100. Kwa Arusha na Moshi tunaona jambo hili linafaa, lakini kwa upana mdogo kuliko wanavyolisema wanaolipigia debe. Lianze na mashine zenye kitu kilichohifadhiwa nyuma yake, hasa pampu za maji, na lianze kwenye akiba ya dakika kumi, yaani inayoitika ndani ya dakika kumi baada ya mwito, si ya sekunde.

Akiba inahitajika kwa sababu mashine kubwa zinadondoka bila taarifa. Mtambo mmoja wa Bwawa la Julius Nyerere unatoa hadi megawati 235, na matumizi ya juu ya nchi nzima miaka hii yako kwenye megawati 1,900 hivi. Mtambo huo ukitoka ukiwa umejaa, takriban asilimia 12 ya umeme inapotea kwa mkupuo, na usiku wa manane matumizi yakiwa chini sehemu hiyo inakuwa kubwa zaidi. Tuchukue gridi yetu ikiwa peke yake, mashine zinazozunguka zikiwa na ukubwa wa jumla wa MVA (megavolti-ampea) 2,300, na nishati iliyo kwenye mzunguko wao ikitosha kubeba mzigo kamili kwa sekunde nne. Frikwensi, yaani kasi ya mapigo ya umeme ambayo kawaida ni hezi 50, itaanza kushuka kwa kasi ya karibu hezi 0.6 kila sekunde, maana yake kutoka 50 hadi 49 ni chini ya sekunde mbili. Hakuna anayepigiwa simu ndani ya muda huo.

Kinachotuokoa hapo kwa sasa, baada ya gavana (vidhibiti mwendo) za mitambo kufanya kazi yao, ni rilei za frikwensi, swichi zinazojiendesha zenyewe, kwenye vituo vya kupoza umeme. Zikiona frikwensi imeshuka kupita kiwango fulani, zinakata fida nzima, yaani laini ya kusambaza umeme mtaani. Fida haichagui: inabeba mashine ya kusaga, zahanati, saluni na nyumba ya mgonjwa anayetumia mashine ya oksijeni. Kwa maana hiyo wateja tayari wanatoa akiba, ila hawakuulizwa na hawalipwi. Kwa macho yetu hii ndiyo sababu nzito kuliko zote za kulizungumza jambo hili.

Pingamizi kubwa linatoka kwa wahandisi wa uzalishaji, na halistahili kupuuzwa. Mtambo wa maji unaozunguka chini ya uwezo wake ni akiba nzuri na ya bei ndogo: gavana inafungua maji zaidi na megawati zinapanda ndani ya sekunde. Tuna Kidatu yenye megawati 204, Kihansi 180, Mtera 80, na sasa mitambo tisa ya Nyerere yenye jumla ya 2,115. Uwezo uliopo umeyapita mahitaji. Kwa nini basi TANESCO, shirika la umeme la taifa, imlipe mwenye pampu Usa River kwa kitu ambacho tayari kipo ghalani? Kwa gridi nzima ikiwa imeungana na mabwawa yakiwa na maji, hatuoni jibu la kulishinda swali hili.

Jibu linapatikana ukitazama ramani. Umeme wa kusini unafika Kaskazini kwa njia ndefu: upande mmoja kupitia Singida hadi Arusha, upande mwingine kupitia Hale hadi Kiyungi, Moshi. Mitambo ya maji iliyo jirani ni ya bonde la Pangani: Nyumba ya Mungu megawati 8, Hale 21, Pangani Mpya 68. Hata izunguke yote ni megawati 97, na mto huohuo unagombewa na mashamba ya umwagiliaji. Machi 2025 Rais Samia alieleza nia ya kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya Kanda ya Kaskazini, akitaja upotevu wa umeme unaosafirishwa kutoka mbali. Umeme huo unapita Kenya na kuingia kwa njia ya kilovoti 400 ya Namanga, kupitia kituo cha Lemugur. Muungano na Kenya unaipa gridi uzito na frikwensi haiporomoki kirahisi, lakini unaleta tatizo jipya: mtambo wa kusini ukitoka, umeme wa kuziba pengo unakimbilia kwenye njia hiyo moja, na njia hiyo ikikatika ikiwa inaingiza umeme, kwenye njia zilizobaki za Kaskazini mzigo unaruka na volti inashuka. Akiba iliyo Kidatu haina msaada mkubwa kwa njia iliyozidiwa kati ya Singida na kituo cha Njiro, Arusha. Mzigo unaopunguzwa Arusha kwenyewe una msaada.

Sasa ni mzigo upi? Pampu ya kisima inayojaza tenki ndiyo mteja bora, kwa sababu mtumiaji wa maji hajui kama pampu imezimwa. Pampu inayotoa mita za ujazo 40 kwa saa ikizimwa nusu saa, tenki la mita za ujazo 200 linakosa mita 20 tu, sehemu moja ya kumi. Mamlaka za maji za Arusha na Moshi, AUWSA na MUWSA, zina faida nyingine: mmiliki mmoja, visima vingi, mita nyingi. Kundi lipo kabla ya kutafutwa, na hakuna haja ya kusaini mikataba na watu arobaini.

Hesabu yake ifanywe kwa uaminifu. Pampu 40 za kilowati 30 ni kilowati 1,200 kwenye vibao vya mota. Mota nyingi zinavuta kama asilimia 80 ya kibao, na saa moja usiku si zote zinazofanya kazi; tuseme asilimia 60. Zinabaki kilowati 576. Toa matenki yaliyo chini na visima ambavyo mtandao wa simu umepotea, unaweza kuahidi 450 bila kudanganya. Makundi 20 ya namna hiyo ni megawati 9, zaidi kidogo ya Nyumba ya Mungu. Anayeuza wazo hili kama dawa ya kudondoka kwa mtambo wa megawati 235 anawapotosha watu. Kwa njia moja iliyozidiwa Kaskazini, megawati 9 kwa wakati wake si kidogo.

Kazi ya kisimani si kubwa, ila ina mahali pa kukosea. Kinachokatwa ni umeme wa koili ya kontakta (swichi kubwa inayowasha mota), si nyaya nene za mota. Mguso wa rilei unaowekwa kwenye saketi hiyo uwe wa aina inayokaa imefungwa, yaani inayopitisha umeme bila amri, ili kisanduku cha mawasiliano kikifa pampu iendelee kufanya kazi na watu wasikose maji kwa sababu ya laini ya simu iliyoisha salio. Floti (swichi inayoelea) ya kiwango cha chini iunganishwe sambamba na mguso huo: tenki likishuka chini ya, tuseme, asilimia 30, floti inafunga na amri ya kuzima haina nguvu tena. Hapohapo taarifa iende kwa msimamizi wa kundi kwamba kisima hiki hakipo kwenye hesabu. Tukio hilo lisiporipotiwa, kundi litaendelea kuuza kilowati ambazo hazipo.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye kuwasha. Pampu ya kuzama ikizimwa na vali ya kuzuia maji kurudi ikiwa inavuja, maji yaliyo kwenye bomba la kupandishia yanashuka na kuizungusha pampu kinyume. Ukiwasha mota wakati huo, shafti au kapling inaweza kukatika, na kuitoa pampu kisimani ni kazi ya winchi na mafundi siku nzima. Kwa hiyo taima isiruhusu kuwasha kabla ya dakika tano. Kisha kuna mkondo wa kuanzia: mota inayowashwa moja kwa moja inavuta mara sita hadi saba ya ampea zake za kawaida. Pampu 40 zikirudi kwa pamoja, gridi iliyokuwa inajikongoja inapigwa pigo la pili. Zipishane kwa sekunde 30, na kundi zima litarudi ndani ya dakika 20. Muda huo wa kurudi uandikwe kwenye mkataba sawa na muda wa kuzima. Mara nyingi husahaulika.

Vyumba vya baridi vya maua na mbogamboga ni mteja mzuri wa pili, lakini ana mtego wa bili. Kompresa zikisimama dakika 20 milango ikiwa imefungwa, mazao hayaathiriki sana. Zikirudi zinafanya kazi zote kwa pamoja kufidia joto lililoingia, na kilele cha mwezi, yaani mzigo wa juu kabisa uliovutwa mwezi huo, kinaweza kupanda. Kwa bei zilizoidhinishwa mwaka 2016, mteja wa T2, daraja la bei la watumiaji wakubwa, analipa shilingi 15,004 kwa kila kVA (kilovolti-ampea) ya kilele chake cha mwezi. Kilele kikipanda kVA 60 kwa sababu ya kuitikia mwito wa gridi, bili inaongezeka shilingi 900,240 kabla ya kodi. Malipo ya akiba yanaweza kumezwa yote na usiku mmoja. Kama EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, haitaweka kifungu cha kutohesabu kilele cha saa zinazofuata mwito, wenye vyumba vya baridi watajiunga mwezi wa kwanza na kujitoa wa pili, na watakuwa na haki.

Jenereta za dizeli ni suala tunalolikataa waziwazi. Kiwanda kikihamia kwenye jenereta, gridi inapumua kweli, lakini kila uniti inachoma robo hadi theluthi ya lita ya dizeli, na umeme wa maji uliopo kusini unabaki haujatumika. Zaidi ya hapo, penye mtambo wa mteja ndipo udanganyifu hujificha. Mwaka 2013 FERC ilikubaliana na kiwanda cha karatasi cha Rumford, jimbo la Maine, kilipe faini ya dola milioni 10. Kiwanda kilipunguza uzalishaji wa jenereta yake katika siku za kupima matumizi ya kawaida, kikaonekana kinavuta umeme mwingi wa gridi, kisha kikarudia hali yake na kulipwa kwa upungufu ambao haukuwepo.

Funzo la Maine linahusu kiwango cha kulinganishia. Ukipima matumizi ya kawaida kwa siku zinazojulikana, mteja atazipamba siku hizo. Kwa akiba ya muda mfupi kuna njia safi zaidi: soma mita dakika kumi kabla ya mwito na dakika kumi baada yake, lipa tofauti. Mwito hautabiriki, hivyo ni vigumu kuuandalia. Njia hii inataka mita inayorekodi kila dakika kwenye mashine yenyewe, na gharama hiyo ndiyo inayoamua ukubwa wa mteja anayefaa. Pampu ya kilowati 30 inaweza kuibeba. Hita ya maji ya nyumbani kwenye mitaa kama Sakina au Majengo haiwezi, na mita ya LUKU, inayopokea tokeni ya tarakimu 20 na kuhesabu uniti zinazoshuka, haikutengenezwa kusema nyumba ilivuta kiasi gani saa mbili na dakika saba usiku. Uingereza iliweza kuwalipa wenye nyumba majira ya baridi ya 2022–23, ikianzia pauni 3 kwa uniti, kwa sababu mita za kusoma kila nusu saa zilikwishafungwa. Hata hapo ilikuwa ni kupunguza kilele kilichotangazwa mapema, si akiba ya dharura.

Kuhusu kasi: New Zealand inalipa mizigo inayojikata ndani ya sekunde moja frikwensi ikifika hezi 49.2, na Texas inataka nusu sekunde kwa hezi 59.7 ya gridi yao ya 60. Inawezekana kiufundi, kwa rilei iliyo kisimani isiyosubiri mtandao. Kwetu kuna kikwazo ambacho hakisemwi: kama pampu hizo ziko kwenye fida ambazo tayari zimepangwa kukatwa frikwensi ikishuka, zitakuwa zimehesabiwa mara mbili. Zikijizima kwanza, fida ikikatwa baadaye inaondoa mzigo mdogo kuliko ilivyopangwa, na mwendeshaji wa gridi anajikuta na upungufu asioutegemea. Mpaka orodha hizo mbili zilinganishwe fida kwa fida, akiba ya dakika kumi inatosha.

Hatuna soko la akiba, mnunuzi ni TANESCO peke yake, na kundi dogo likijadiliana naye bei bila msimamizi litabanwa. Mfano wa kufuata upo nyumbani: wazalishaji wadogo wasiozidi megawati 10 wana mkataba sanifu uliopitishwa na EWURA, na kiwanda cha sukari cha TPC nje ya Moshi kimeuza umeme wa mabaki ya miwa kwa mtindo huo. Mkataba sanifu wa akiba ungehitaji malipo ya utayari kwa kila kilowati kwa mwezi, makato kwa kilichoahidiwa kisichotolewa, na kikomo cha miito.

Kifungu kigumu kuliko vyote kitakuwa cha kiangazi. Mabwawa yakishuka na akiba ya kusini ikipungua, ndipo pampu za Arusha zinapofanya kazi usiku na mchana, matenki hayajai, na hakuna mamlaka ya maji itakayokubali kuzima. Kwa hiyo kilowati zinazoahidiwa zitangazwe mwezi kwa mwezi: 450 mwezi Mei, pengine 150 mwezi Oktoba, na malipo yafuate hivyo. Mkataba wenye namba moja ya mwaka mzima utavunjwa na Oktoba ya kwanza.