Nukta tisa za 5H

Tangu majirani wajue kwamba najifunza Morse, ile lugha ya redio ya nukta na vistari, sipiti wiki bila kijana mmoja kuniuliza anunue kigongeo gani cha kuitumia. Nikimwambia asinunue chochote kwanza, anadhani namfanyia choyo.

Mimi nilinunua. Niliagiza mtandaoni kigongeo cha mkono mmoja, kile cha kubonyeza juu chini, shaba tupu, kinang'aa kama birika la harusi. Wiki tatu nzima nikawa nagonga mezani, Tabata, mpaka mke wangu akauliza kama nimeanza useremala. Mkono ukakolea. Jioni moja nikafungua redio ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, ambayo mtu yeyote mwenye bando anaweza kuisikiliza bure, nikashuka hadi megahezi 7.020. Watu walikuwa wanazungumza pale kama mvua kwenye bati. Sikuambulia hata herufi moja.

Kwa hiyo hela ya kwanza iende kwenye hedifoni. Kariakoo zimejaa, na wala huhitaji za bei mbaya. Chukua za kuziba sikio lote, tena za waya. Zile za Bluetooth hukaa nyuma kidogo: ukigonga, mlio unakufikia umechelewa, na mkono wako unaanza kumsubiri mtu asiyekuwepo. Kwa kusikiliza tu hazina shida, ila siku ya kugonga itafika.

Kisha fungua LCWO, tovuti ya kujifunzia Morse, nayo ni bure, uanze na K na M. Huo ni utaratibu wa Mjerumani Ludwig Koch wa miaka ya 1930: herufi mbili tu, kwa mwendo kamili tangu siku ya kwanza, na huongezi ya tatu mpaka upatie tisa kati ya kila kumi. Wengi hukimbilia chati ya nukta na vistari wakaibandika ukutani. Ibandue. Kwa mwendo wa maneno 20 kwa dakika, nukta moja ni sekunde 0.06. Nani atahesabu hapo? Dereva wa daladala hahesabu konda amegonga bodi mara ngapi. Mguu unajua wenyewe kama ni breki au mafuta. Na kama uliwahi kumiliki Nokia ya zamani, sikio lako limeshaanza kazi bila wewe kujua: ule mlio wa ujumbe, di-di-di, daa-daa, di-di-di, ulikuwa unasema SMS.

Baada ya miezi miwili hivi, ndipo tuongee kigongeo.

Hapa nagongana na mzee wangu mmoja wa Temeke, aliyekula chumvi nyingi melini akiwa mtu wa redio, kabla meli hazijaiacha Morse rasmi mwaka 1999. Yeye anashikilia kuwa kila mwanafunzi aanze na kigongeo cha mkono mmoja, kwa sababu ndicho kinachofundisha adabu ya mkono. "Hicho chenu cha kisasa," aliniambia, "kinakugongea chenyewe. Wewe unafanya nini hapo, mwanangu?"

Namheshimu mzee, lakini hapo simfuati, na sababu yangu ni ya Kitanzania kabisa. Vituo vyetu vya redio ya ridhaa, yaani ya watu binafsi wanaoifanya kwa mapenzi tu, majina yao ya hewani huanza na 5H. Tano ni nukta tano. H ni nukta nne. Yaani kabla hujamwambia mtu wewe ni nani, una nukta tisa za kutoa, na pengo katikati mahali pake. Mkenya ana 5Z, Mganda ana 5X. Wao herufi yao ina vistari, mkono unapata pa kupumulia. Sisi hatuna. Mwanafunzi akitetemeka kidogo, tano inakuwa nne, pengo linamezwa, na unabaki na nukta nane mfululizo. Sasa nukta nane ndiyo alama ya kusema "nimekosea"! Unajitambulisha kwa dunia kwa kuomba radhi.

Ndiyo maana nasema nunua kigongeo cha vibapa viwili, unachokibana kwa gumba na kidole cha shahada. Kibapa kimoja kinatoa nukta, kingine vistari, na saketi ndogo inavipima yenyewe. Redio nyingi za siku hizi zinayo ndani. Kwa mazoezi, Arduino, ile bodi ndogo ya kuprogramu, na baza ya kutoa mlio vinatosha. Wewe kazi yako ni kuachia baada ya nukta ya tano, na hilo sikio litakuambia.

Ukikichagua, angalia uzito kabla ya uzuri. Changu cha kwanza cha vibapa kilikuwa chepesi, nikawa nakifukuza mezani kama kuku. Nimekifunga kwenye kipande cha marumaru kilichobaki kwa fundi, kimetulia. Na kwa kuwa chumvi ya bahari yetu haichagui nyumba, mlio ukianza kukwaruza usilaumu betri. Pitisha kipande cha karatasi safi kati ya vile vijipande vinavyogusana, ubane, uvute.

Baza ya mezani haihitaji kibali cha mtu. Kurusha hewani kunahitaji leseni ya TCRA, hilo halina mjadala.

Mzee alikuja mwezi uliopita, nikampa vibapa vyangu. Akavihangaisha, akatoa nukta sita, akatoa saba, akasonya. Akanyanyua kile cha shaba kutoka kabatini, akakifuta vumbi kwa kanzu, akagonga 5H mara tatu bila kuangalia, huku ananiomba sukari ya chai.