Breketi za Kudumu

Barabara ya rafu ya kutoka Naabi kwenda Seronera, kule Serengeti, haina urafiki na chuma. Tangi la akiba la dizeli la gari langu, la lita 120, la kuchongesha, lilirudi Arusha likining'inia kwa waya na sala za wageni. Breketi zake, yaani vyuma vya kulishikilia, zilichomelewa moja kwa moja kwenye bati jembamba, mtikisiko ukazikata shingo.

Fundi wa mtaa wa Unga Limited akalitazama kupitia miwani ya jua. Hiyo ndiyo kinga yake ya macho, tusimseme.

"Kaka, hapa tunalaza pleti pana kwanza ili mzigo usambae, breketi inakaa juu ya pleti. Hata lori likigonga, lori ndilo litaomba radhi."

Akaagiza tangi lijazwe maji. Chalii wake akabisha: limekauka, tena lilikuwa la dizeli, dizeli hailipuki.

"Tupu ndilo baya!" fundi akafoka. "Masalia yakipata moto yanageuka mvuke, na huo mvuke ndio utakaokuzika."

Ndoo zikapishana, ikaachwa hewa kidogo tu pale pa kuchomelea. Cheche zikaruka, breketi zikakaa. Nikaning'inia, chalii akaning'inia, mpita njia mmoja naye akaning'inia bila kuombwa. Kimya, hata mlio hakuna.

"Dogo, fungua nati ya kumwagia."

Chalii akazunguka tangi. Akazunguka tena.

"Bosi, nati ninaiona. Spana ndiyo haifiki."

Breketi ilikuwa imeikalia. Nati inachungulia mle ndani kama mahabusu, spana haipiti hata kwa rushwa. Nikashauri breketi ikatwe.

"Kaka, si ulitaka ya kudumu?" fundi akaniuliza, kachukia kweli. Alipokubali kushika grinda, umeme ukakatika.

Basi wakaitwa wanaume wa gereji nzima, tangi likapinduliwa kwa "harambee!" Maji yenye utando wa dizeli yakatoka kwa kishindo, yakapita katikati ya viatu vyetu, yakanyooka mpaka kwenye jiko la mama lishe. Pshhh! Maharage nusu yameiva, mkaa umezama.

Mama akasimama na mwiko. "Nani?"

Vidole vyote vikanielekea mimi, mwenye tangi. Nikalipia sufuria nzima, na mkaa juu.

Mama akapoa. Akajifuta mikono kwenye kanga, akasema, "Haya, nipeni kiberiti niwashe upya."

Sikuwahi kujua fundi yule anaweza kuruka ukuta.