Makumbusho ya vibonzo Mwanza: tuanze na jengo au na kabati?

Karanga nilizonunua soko la Makoroboi juzi zilifungwa kwenye ukurasa wa jarida la zamani la vibonzo. Madenge alikuwa anakimbia fimbo, kaptura inamvuka, na kabla hajafika kona ukurasa ukaishia. Nusu ya pili ya kisa bila shaka ilikuwa imeshafungia karanga za mteja mwingine.

Ubishi wetu wa kijiweni ukaanzia hapo: je, Mwanza ijengewe makumbusho ya katuni? Ni wazo la kijiweni tu, halijafika mezani kwa mkubwa yeyote. Lakini ninalipima kwa sababu kila upande una hoja.

Wanaotaka jengo wanasema historia yetu ya karibuni imechorwa kuliko ilivyoandikwa. Chakubanga, kibonzo cha mchoraji Christian Gregory, alikuwa akiwacheka wakubwa na wajanja wa mjini ndani ya gazeti la Uhuru, gazeti la chama kilichokuwa madarakani! Likaja jarida la Sani, jina lililoungwa kutoka kwa Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na humo tukawapata akina Lodi Lofa, Kipepe na Ndumilakuwili. Kabla hujaona picha ya huyo wa mwisho, jina lilishakuonya. Mchoraji Philip Ndunguru na wenzake waliacha pia kumbukumbu ya Kiswahili cha mitaani ambacho vitabu vya shule havikukigusa: matusi mepesi, misemo ya vijana, hata namna tulivyovaa suruali.

Na muda haupo. Karatasi ya gazeti ina mabaki ya mti yanayoigeuza ya njano ikipigwa na mwanga, kisha inavunjika kama kaukau. Ongeza unyevu wa ziwa na mchwa. Tena tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, karatasi kuukuu imepata kazi nyingi zaidi sokoni. Yupo atakayesema maktaba za Dar es Salaam zinahifadhi magazeti. Sawa, lakini maktaba huhifadhi kilichochapwa. Mchoro wenyewe wa wino, wenye alama za penseli na sehemu zilizofutwa, hauko kwenye gazeti.

Wapinzani nao si watu wa kupuuzwa. Wanauliza: Bujora tunaitendea haki? Pale Kisesa, padri David Clement aliacha makumbusho ya Wasukuma yenye ngoma na mavazi ya watemi, lakini muulize jirani yako alikwenda lini, atakutajia safari ya darasa la sita. Wanasema pia kibonzo kikiwekwa nyuma ya kioo kinakufa, maana uhai wake ni kupokezana, mmoja anasoma na watatu wanachungulia begani. Hapa nadhani Kyoto wamewajibu. Makumbusho yao ya manga, yaliyofunguliwa 2006 katika shule ya msingi ya zamani, humruhusu mgeni achukue kitabu rafuni na kwenda kukisoma kwenye majani. Na jengo si lazima liwe jipya: kituo cha vibonzo cha Brussels, kilichofunguliwa 1989, kimo katika lililokuwa duka la vitambaa. Majengo ya zamani ya maduka Mwanza tunayo.

Hoja yao inayonikosesha usingizi ni nyingine. Nani atachagua cha kutundika? Lodi Lofa hamkeri mtu. Lakini mchoraji Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyejulikana zaidi kwa kazi zake Nairobi, amewachora marais bila huruma, na yule kipanya anayechorwa na Masoud Kipanya ana maneno yake makali. Ukuta unaolipiwa na halmashauri au na kampuni ya bia utakuwa na nafasi nyingi za Madenge na chache za hao. Nani atamlaumu mkurugenzi anayelinda mkate wake? Makumbusho ya namna hiyo yangetudanganya kwamba wachoraji wetu walikuwa wachekeshaji tu.

Kisha kuna fedha. Mchoraji wa Kimarekani Mort Walker alifungua makumbusho ya katuni Connecticut mwaka 1974. Yakahamahama, yakafika Boca Raton, Florida, 1996 kwenye jengo la fahari, na 2002 yakafungwa. Michoro haikupotea: mwaka 2008 hazina hiyo ilikwenda Chuo Kikuu cha Ohio State, ambako maktaba ya katuni ilikuwa ikikusanya polepole tangu 1977. Jengo la fahari lilishindwa, maktaba ya chuo ikadumu.

Kwa hiyo mimi niko na wanaotaka kuhifadhi, ila siko na wanaotaka kukata utepe. Ningeanza na kabati kavu na mashine ya kunakili picha katika chuo kinachofundisha uandishi wa habari, na SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, iko hapo Malimbe. Michoro ya wino inunuliwe kwa wachoraji au familia zao, kwa hela halisi, si kwa cheti cha shukrani. Nakala zitoke zisomwe na watoto hadi zichanike. Haki za wachoraji zitaleta ugomvi, najua, kwa sababu sheria inazilinda miaka 50 baada ya kifo cha mwenye kazi, na huwezi kuzirusha mtandaoni kiholela.

Jana nilirudi Makoroboi kumuuliza mama wa karanga anakotoa karatasi. Ananunua kwa kilo. Nikamwambia nataka lile rundo lote lenye picha.

"Hilo limeisha asubuhi, mwanangu," akasema. "Labda lije jingine."